Bunduki mpya ya hewa haileti kalulu kwenye sufuria

Jumamosi moja ya kipwa, katika kijiji kilicho pembeni ya barabara ya Kipushi, kijana mmoja alifika na bunduki mpya ya hewa. Mtutu mweusi, darubini kubwa juu yake, kizuia sauti mbele. Alikuwa ameweka pesa karibu mwaka mzima kutokana na kazi ya pikipiki. Bunduki yake ya zamani, ile ya kukunja mtutu ili kukaza resori, alimwachia mdogo wake.

Jua lilipoanza kushuka, aliona kalulu pembeni ya shamba la mihogo lililokwisha kuvunwa. Umbali ulikuwa kama hatua 60. Alipiga. Kalulu aliruka, akaanguka, akaamka, akaingia kwenye majani akiburuta mguu wa nyuma. Watu watano na mbwa wawili walimtafuta mpaka giza likaingia. Hawakumpata. Usiku ule bukari ililiwa na sombe, kama siku nyingine zote.

Kesho yake kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kuna waliosema darubini iligongwa njiani juu ya pikipiki. Kuna waliosema risasi zilikuwa za bei ya chini. Kijana mwenyewe alikuwa tayari kuuza hiyo na kutafuta nyingine yenye nguvu zaidi. Mzee mmoja, ambaye ameanza kuwinda kabla ya kijana huyo kuzaliwa, alimjibu kwa maneno machache: "Bunduki iko na nguvu, mutoto yangu, lakini weye ulipigia mbali."

Mzee alisema kweli, na neno lake linawahusu vijana wengi wa Lubumbashi, Kipushi na Kasumbalesa ambao leo wanaota bunduki mpya. Kubadilisha chombo si kosa. Kosa ni kununua chombo kabla ya kujua mkono wako unafika wapi.

Tamaa hii inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa inatoka kwenye simu. Vijana wanatazama video za wawindaji wa Uingereza wanaolala kwenye majani mafupi, wanapiga sungura mmoja baada ya mwingine, na kila sungura anaanguka palepale. Lakini video hizo hazisemi habari yote. Sungura wa kule si mnyama wetu. Waliletwa na watu kutoka bara la Ulaya karne nyingi zilizopita, wanachimba mashimo, wanakaa kwa makundi, na wanahesabiwa kuwa waharibifu wa mazao. Sheria yao ya mwaka 1954 inampa mwenye shamba wajibu wa kuwapunguza. Mwindaji anaweza kurudi kwenye shimo lilelile siku 10 mfululizo na kungoja mahali palepale.

Kalulu wa Katanga ana maisha tofauti. Hana shimo. Analala kwenye majani, anatoka kula jioni na usiku, na mara nyingi yuko peke yake. Kwa kawaida ana mwili mkubwa kuliko sungura wa Ulaya. Katika hadithi za wazee yeye ndiye mjanja anayewashinda tembo na simba, na mtu aliyemfuata porini anajua hadithi hizo hazikutoka hewani. Kwa hiyo hesabu za umbali zinazoonekana kwenye simu haziwezi kuchukuliwa na kubandikwa hapa bila kufikiri.

Hata huko Uingereza kwenyewe nguvu ina mpaka. Katika England, bunduki ya hewa ambayo mtu anaweza kuwa nayo bila cheti cha silaha haipiti nguvu ya karibu jouli 16. Katika Scotland, tangu tarehe 31 Desemba 2016, hata hiyo inahitaji cheti. Na kwa nguvu hiyo, wawindaji wazoefu wa kule wanapiga kichwa tu, wengi wao kwa umbali wa mita 25 hadi 35. Wanaofanya hivyo wamepiga karatasi mamia ya mara kabla ya kumpiga mnyama.

Sababu inaeleweka kirahisi. Risasi ya bunduki ya hewa ni ndogo sana. Ile ya milimita 5.5 ina uzito wa karibu gramu moja, na ile ya milimita 4.5 karibu nusu gramu. Haiui kwa kishindo kama bunduki ya kaliba 12. Inaua pale tu inapoingia mahali penyewe, yaani ubongo, na sehemu hiyo kwa kalulu ina upana wa karibu sentimeta 3. Ikiingia tumboni au pajani, mnyama anakimbia na kufa mbali, kwa maumivu, na hakuna anayekula isipokuwa mbweha. Tena risasi hiyo inashuka haraka njiani. Bunduki iliyorekebishwa kwa mita 30, kwenye mita 45 inapiga chini kwa sentimeta nyingi kuliko upana wa kichwa cha kalulu. Darubini inamleta mnyama karibu na jicho, lakini haiisogezi risasi karibu na mnyama. Hapo ndipo kijana wa Kipushi alipopotea.

Kuna pia swali la aina ya bunduki, ambalo wauzaji hawalisemi. Ile ya resori inajitosheleza: unakunja mtutu, unaweka risasi, unapiga. Ina mtikisiko, inataka ishikwe kwa mkono mlegevu, na mtikisiko wake unaharibu darubini dhaifu. Lakini inafanya kazi porini miaka na miaka kwa matunzo madogo. Ile mpya ya hewa iliyojazwa kabla ni tulivu na ni rahisi kupiga nayo vizuri, hilo halina ubishi. Ila chupa yake inajazwa kwa mgandamizo mkubwa, mara nyingi bari 200 au zaidi. Pompi ya tairi haiwezi. Inahitajika pompi yake maalum ya mkono, ambayo inatoa jasho, au mtungi kama ule wa wapiga mbizi. Ndani yake kuna mipira midogo ya kuzuia hewa, na vumbi jekundu la kipwa ni adui wa mipira hiyo. Mpira mmoja ukikatika kijijini, bunduki ya bei kubwa inageuka fimbo. Na katika bunduki nyingi za aina hiyo, hewa ikipungua kwenye chupa, risasi nayo inapunguza mwendo na kupiga chini.

Basi anayetaka kubadilisha ajiulize kwanza: nitajaza wapi? Mpira ukikatika, nani ataubadilisha? Risasi za aina hii nitazipata Lubumbashi mwezi ujao na mwaka ujao? Kila mtutu una risasi unayoipenda, na mwindaji akibadilisha aina ya risasi kila mara kwa sababu duka limeishiwa, kila mara anaanza upya kurekebisha darubini. Mtu asiye na majibu ya maswali haya matatu ni afadhali abaki na bunduki yake ya resori na atumie pesa kununua risasi nyingi nzuri za kujifunzia.

Kuna wanaosema kwamba bunduki ya hewa, hata ikiwa mikononi mwa mtu asiyejua sana, bado ni bora kuliko njia za zamani. Wana haki kwa sehemu. Mtego wa waya hauchagui. Unamkamata kalulu, unamkamata swala mwenye mimba, unakamata mbwa wa jirani, na ukisahauliwa unaendelea kuua. Moto unaowashwa kipwa ili kuwatoa wanyama unakula miti michanga, mizinga ya nyuki, na wakati mwingine nyumba. Mwindaji mwenye bunduki ya hewa anaweza kuchagua mnyama mmoja na kumwacha mwingine, na hachomi pori. Lakini faida hiyo inakuwepo tu kama anapiga na kuua. Mwindaji anayejeruhi watatu ili apate mmoja hana la kumfundisha mtega waya.

Jambo la pili ni usalama, na hapa hakuna mchezo. Risasi hii inaweza kuruka mamia ya mita ikikosa, na kwa karibu inaweza kuua mtu. Pori letu si tupu. Kuna wachoma makala, kuna akina mama wanaookota uyoga na viwavi wakati wa mvua, kuna watoto wanaochunga mbuzi. Mwenye bunduki anapaswa kujua kilicho nyuma ya kalulu kabla ya kukijua kichwa cha kalulu. Kama nyuma yake ni majani tu na mwindaji hajui majani yanaficha nini, asipige. Kichuguu kikubwa nyuma ya mnyama ni bora, na Katanga haina shida ya vichuguu.

Halafu kuna barabara. Haut-Katanga ni jimbo ambalo watu wake wanakumbuka Machi 2013, Bakata Katanga walipoingia Lubumbashi na damu ikamwagika mjini. Askari aliye kwenye kizuizi saa moja ya usiku, akiona bunduki ndefu nyeusi yenye darubini mgongoni mwa mtu wa pikipiki, hawezi kujua kwamba ndani yake mna hewa tu. Bunduki ya zamani ya mbao ilionekana kama chombo cha mwindaji. Hizi mpya zinatengenezwa zifanane na silaha za vita, na vijana wanazipendea hilo hasa. Sura hiyo inaweza kumpeleka mtu kwenye cachot, au mahali pabaya kuliko cachot. Ibebwe ikiwa tupu, ndani ya mfuko wake, mchana, pamoja na karatasi zake.

Karatasi zenyewe si jambo la kuchezea. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 ndiyo inayopanga uwindaji nchini, nayo inadai kibali. Mambo ya silaha na risasi yana sheria yake ya tarehe 3 Septemba 1985. Ndani ya mbuga za taifa za Upemba na Kundelungu hakuna kuwinda, iwe kwa mshale, kwa waya au kwa hewa. Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi apite kwenye ofisi ya territoire na kwa watumishi wa mazingira, aulize, apewe jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo halimsaidii mtu kwenye kizuizi.

Na kuna desturi moja ndogo inayopaswa kukomeshwa leo. Wawindaji wengi wanashika risasi midomoni ili wapakie haraka. Risasi hizo ni plomb, madini yanayodhuru ubongo, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Ng'ambo ya mpaka, mji wa Kabwe nchini Zambia umejulikana duniani kwa sumu hiyo iliyobaki kutoka kwenye mgodi. Risasi zikae mfukoni, mikono ioshwe kabla ya kula, na nyama iliyozunguka tundu la risasi ikatwe na kutupwa, hata mbwa asipewe. Anayepiga kichwa tu anaokoa nyama yote na anaepuka sumu.

Viongozi nao wana kazi. Chefu wa kijiji haitaji kungoja Kinshasa ili kuwaita wenye bunduki za hewa chini ya mwembe na kukubaliana nao mambo machache: kila bunduki ijulikane ni ya nani, hakuna kupiga karibu na nyumba, kisima au njia ya shule, mtoto asipewe peke yake, na kila msimu kila mmoja aonyeshe mbele ya wenzake anavyopiga. Wauzaji wa mjini nao waache kuuza ndoto. Mtu anayelipia bunduki kwa pesa ambazo zingekuwa minerval ya mtoto wa sekondari anastahili kuambiwa ukweli kuhusu pompi, mipira na umbali kabla ya kufungua mfuko.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Jumapili ile, mzee alimchukua kijana mpaka kwenye kichuguu nyuma ya kijiji, akachomeka kwenye udongo vifuniko 10 vya chupa za Simba. Kifuniko kimoja kina upana wa karibu sentimeta 3, sawa na mahali pa kupiga kwenye kichwa cha kalulu. Sharti lilikuwa moja: kupiga ukiwa umekaa au umepiga goti, kama porini, bila meza. Kwa hatua 25 kijana alipiga vifuniko 10 vyote. Kwa hatua 35 alipiga 9. Kwa hatua 60, umbali ule wa jana yake, alipiga 3.

Bunduki haikuwa na kasoro, wala darubini. Kijana alihesabu vifuniko vilivyobaki, akauliza: "Baba, sasa nifanye nini?" Mzee alimwambia amwache kila kalulu aliye mbali kuliko hatua 25, hata akiwa mnono, mpaka siku atakapopiga vifuniko vyote 10 kwa hatua 35. Hiyo ndiyo sheria ambayo kila mwenye bunduki mpya angejiwekea, kabla ya chefu au askari kumwekea nyingine.