Maisha ya Watoto Yataka Uchunguzi Wetu Wenyewe

Kila mzazi katika nchi yetu aijua safari ile. Jioni mtoto amelala na homa ndogo. Usiku wa manane mwili wawaka moto, pumzi zaenda mbio, mikono na miguu imekuwa baridi, na macho hayamtambui tena mama yake. Hubebwa mgongoni, au juu ya baiskeli, hata kufikishwa mlangoni pa hospitali. Hapo ndipo saa moja huwa na thamani kupita mwaka mzima, na fundisho alilolipata daktari chuoni ndilo liamualo kama mama atarudi nyumbani na mtoto wake au na kanga tupu.

Leo twapenda kuuliza juu ya fundisho hilo: lilitoka wapi, na ni nani aliyelipima?

Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vya Ulaya na Marekani vilifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo, ambaye damu yake haizunguki sawasawa, atiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Fundisho hilo halikuwa la kipuuzi. Mtoto aliyekaushwa na kuhara huokolewa kwa maji, wala hapana anayebisha. Lakini je, mtoto mwenye malaria kali, au mwenye vijidudu vilivyoenea katika damu, naye atendewe vivyo hivyo? Tena, huko Ulaya nyuma ya maji hayo husimama mashine za kupumulia na wodi za uangalizi wa saa zote. Katika hospitali nyingi za wilaya zetu mashine hizo hazipo.

Kuuliza si ujinga. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2011 swali hilo liliulizwa kwa haki katika hospitali sita za Afrika ya Mashariki: Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, akishirikiana na madaktari na wauguzi wa nchi zote tatu. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika mafungu matatu. Fungu la kwanza walitiwa kwa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. Fungu la pili maji ya chumvi. Na fungu la tatu hawakutiwa maji ya haraka, bali walipewa maji polepole. Watoto wote walipata matibabu mengine kama walivyostahili: dawa za malaria, dawa za kuua vijidudu, damu na oksijeni.

Wengi walitazamia kwamba maji ya haraka yangeshinda. Yaliyotokea ni kinyume. Katika saa 48 za kwanza, walikufa watoto 111 wa fungu la albumini, 110 wa fungu la maji ya chumvi, na 76 tu wa fungu la tatu, na mafungu hayo yalikuwa karibu sawa kwa hesabu. Maana yake, katika kila watoto 100 waliotiwa maji ya haraka, watatu zaidi walipoteza maisha. Mwezi Januari 2011 kazi ilisimamishwa kabla hesabu iliyokusudiwa ya watoto 3,600 haijatimia, kwa kuwa jibu lilikwisha kuonekana.

Tusilipite jambo hili kwa haraka. Tendo lililodhaniwa kuwa ni rehema lilikuwa likiwadhuru wagonjwa wa namna hii, na hapana aliyejua, kwa sababu hapana aliyehesabu. Daktari aliyefanya hivyo hana hatia, alifuata alichofundishwa. Lakini sisi tulio huru tutakuwa na hatia tukiendelea kupokea kila fundisho bila kulipima.

Wapo ndugu zetu wasemao kwamba watoto wa Afrika wasifanywe vitu vya kujaribiwa. Hatuwacheki. Historia ya ukoloni imewapa sababu ya kushuku, na ni wajibu wa kila mchunguzi kumweleza mzazi kwa lugha anayoifahamu na kupata ridhaa yake. Katika kazi tuliyoitaja, pale ambapo hali ya mtoto haikuruhusu kungoja, mzazi aliombwa kwanza ridhaa ya mdomo, kisha akaelezwa yote kwa utulivu na kutakiwa kutia sahihi. Huo ni mwendo mgumu, na wastahili kuangaliwa sana. Lakini tuwaulize ndugu hao: kumtia mtoto maji ambayo faida yake haijapimwa, mwaka hata mwaka, pasipo kuandika nani alipona na nani alikufa, je, huko si kujaribu? Ni kujaribu kusiko na daftari, na kwa hiyo hakumfundishi mtu lolote.

Matunda ya kuhesabu si hayo peke yake. Mwaka 2010 uchunguzi wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika ulithibitisha kwamba dawa ya artesunate huokoa watoto wenye malaria kali kuliko kwinini: katika kila 100, vifo vilipungua kutoka karibu 11 hadi kati ya 8 na 9. Na huko Blantyre, nchini Malawi, hospitali ilipopanga upya mlango wake wa kupokelea watoto, ili aliye mahututi aonwe kwanza pasipo kungoja foleni, vifo vya watoto waliolazwa vilipungua sana. Foleni iliyopangwa vema nayo ni dawa.

Basi tunasema mambo matatu. Kwanza, fedha. Uchunguzi wa hospitali sita uliulizwa kwetu, lakini ulilipiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Tunawashukuru; hata hivyo, mwenye kulipa ndiye achaguaye swali. Mwaka 2006 nchi za Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Ahadi ni deni. Pili, mlango. Kila hospitali ya wilaya iwe na muuguzi aliyefunzwa kumtambua mtoto mahututi mara afikapo, na oksijeni iwe karibu. Tatu, habari. Jibu lilitolewa mwaka 2011, lakini Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya uliobadilisha mafundisho ya maji mwaka 2016. Miaka mitano ni mirefu mno kwa mtoto mwenye saa moja ya kuishi.

Maradhi yalitajwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui wa taifa letu tangu siku ya kwanza ya uhuru. Jifya moja haliinjiki chungu: maradhi hayashindwi na dawa peke yake pasipo elimu, wala elimu haitoshi pasipo fedha. Watoto 3,141 na wazazi wao walitupa jibu lililogharimu maisha. Deni letu kwao ni kulitumia jibu hilo, na kuliuliza swali linalofuata kwa fedha zetu wenyewe.