Chupa ya Nguvu Si Chakula cha Zamu

Na Nyambura Gitonga

Kuanzia viwanda vya Thika hadi steji za Ruiru, kinywaji cha kuongeza nguvu kimechukua nafasi ya sahani ya chakula. Dereva wa matatu anayetafuta hesabu ya siku, mwanabodaboda, mlinzi, kibarua wa zamu ya usiku na mwanafunzi wa chuo anayekesha na vitabu, wote hukinunua, na mara nyingi hukinywa tumbo likiwa tupu. Hapo ndipo madhara yanapoanzia. Kafeini huchochea tumbo kutoa asidi na kulegeza msuli unaoizuia isipande kooni. Kinywaji chenyewe ni kichachu, tena kina gesi. Anayekinywa baada ya kula githeri huenda asihisi lolote, lakini mwenye njaa hupata kiungulia, kichefuchefu na tumbo kujaa. Geuza kopo usome maandishi yake madogo: mililita 500 zenye kiwango cha kawaida cha miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100 zina miligramu 160. Sukari nayo mara nyingi hufika gramu 55, ilhali Shirika la Afya Duniani linaona ni heri mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 kwa siku.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba vidonda vya tumbo havitokani na vinywaji hivi, na kwa hilo hawajakosea. Barry Marshall na Robin Warren walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005 kwa kugundua bakteria aina ya Helicobacter pylori na mchango wake katika ugonjwa huo. Chanzo kingine kikuu ni dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen. Lakini ukweli huo unazidisha hatari. Kibarua mwenye bakteria hao, au anayemeza diclofenac kila jioni kwa sababu ya mgongo, anapokunywa chupa badala ya kula, anachokoza kidonda huku kafeini ikimfichia njaa na uchovu. Maumivu yakizidi hununua dawa ya kutuliza asidi na kurudi kazini, na ugonjwa unaotibika kwa antibayotiki unaendelea kumla. Wengine watauliza, mbona chai pia ina kafeini? Ni kweli, lakini kikombe cha chai huwa na kafeini kidogo zaidi, hunywewa polepole, na kwetu huja na maziwa na mandazi.

Hoja nzito zaidi ni ya mfanyakazi asiye na muda wala pesa za kula. Huyo hafai kulaumiwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinde afya na ustawi wa wafanyakazi wake, na zamu ya usiku isiyo na mapumziko ya chakula inakwenda kinyume cha wajibu huo. Bunge nalo lina mifano ya kuiga: Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia vinywaji hivi walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, na Poland ikafuata mwaka 2024. Nawe msomaji, kula kwanza. Maumivu ya tumbo yakidumu kwa wiki kadhaa, nenda hospitalini ukapimwe bakteria hao. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda siku hiyohiyo.