Minyoo wa Mitoni Nao Wahesabiwe

Mwaka 2021 taifa hili lilifanya jambo la kupongezwa. Kwa mara ya kwanza wanyamapori walihesabiwa nchi nzima, na ndovu wakapatikana kuwa 36,280. Ndege ziliruka, magari yakakata nyika, na matokeo yakatangazwa kwa fahari kubwa. Minyoo wa mitoni hawakuwamo katika orodha hiyo. Huenda msomaji akacheka, nasi hatumlaumu. Huku Eastlands, kutoka Kaloleni hadi Kayole, neno minyoo humkumbusha mzazi mtoto aliyefura tumbo na vidonge vinavyogawiwa shuleni. Lakini minyoo tunaowazungumzia leo hawamdhuru mtu. Baadhi yao ni jamaa wa nyungunyungu wa shambani, ila wao makao yao ni mchanga, mawe na matope ya mito.

Je, mkazi wa Umoja au Dandora anahusikaje nao? Anahusika kila anapofungua mfereji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, ambalo hujazwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu inayoteremka kutoka milima ya Nyandarua. Mto Chania nao, ambao maji yake pia huletwa jijini, huanzia huko huko juu, penye mbuga ya taifa iliyotengwa mwaka 1950. Mnamo Januari 2017, maji ya Ndakaini yalipopungua, ugavi wa maji kwa zamu ulitangazwa jijini. Wakazi wa mitaa yetu wanakumbuka vyema siku hizo za kuviziana na mkokoteni wa maji, na jinsi mtungi wa lita 20 ulivyogeuka kuwa mali ya kugombewa. Basi afya ya vijito vya mlimani si jambo la watalii na wapanda milima peke yao.

Afya hiyo hupimwaje? Desturi ni kuchota maji katika chupa, kuyapeleka maabara na kungoja jibu. Hatupingi njia hiyo. Ubaya wake ni kwamba chupa husema habari za saa ile tu ilipojazwa. Kiwanda kinachomwaga uchafu usiku wa manane, mvua ikinyesha, hakitashikwa na chupa iliyochotwa saa nne asubuhi. Minyoo, kinyume chake, hulala mtoni usiku na mchana, masika na kiangazi. Kila kilichopita wamekionja. Anayewachunguza husoma habari za miezi, wala si za dakika moja.

Wapo minyoo bapa, wembamba kama jani, ambao hupenda maji baridi na safi na hujificha chini ya mawe. Maji yakichafuka, hao hutoweka mapema. Wapo pia minyoo wekundu, wajulikanao kwa wataalamu kama Tubifex, ambao huchimba matope kichwa kikiwa chini na kuacha mkia nje ukipepea ili unase hewa kidogo iliyosalia majini. Wekundu wao hutokana na damu yenye uwezo mkubwa wa kushika hewa hiyo. Mahali ambapo samaki wamekufa na wadudu wa majini wamehama, minyoo hawa hustawi na kujazana kama zulia. Mtu akiinua jiwe mtoni akakuta wao peke yao, hahitaji kuambiwa zaidi. Vivyo hivyo, msitu ukikatwa mlimani na udongo ukamomonyokea vijitoni, wakaao juu ya mawe hupungua na wapendao matope huongezeka, pengine kabla jicho la mlinzi wa msitu halijaona tofauti yoyote.

Hapo ndipo penye umuhimu wa kuwahesabu sasa, tena kuanzia mlimani. Anayetaka kujua kilichopotea sharti kwanza awe na daftari la kilichokuwapo. Msitu wa Nyandarua umekwisha kuonja shoka na moto, na mashamba yako karibu na chemchemi. Tukingoja mpaka Ndakaini ijae tope ndipo tutume wataalamu, tutakuwa tunapiga ramli juu ya maiti.

Na huku chini je? Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukapita katikati ya jiji, Gikomba, na kando ya jaa la Dandora, ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na bado linapokea taka. Maji hayo hayo, pamoja na yale ya mto Mathare yapitayo Korogocho, ndiyo yanayonyunyizia baadhi ya sukumawiki zinazouzwa vibandani mwetu. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, aliuvalia njuga mto huu. Mwaka 2025 serikali ilizindua mradi mwingine mkubwa wa kuufufua. Twaupokea kwa mikono miwili, lakini twauliza: ni nani atakayetuambia kwamba mto umefufuka? Kingo zilizopandwa nyasi na taa za barabarani ni mapambo. London walijua mto Thames umeanza kupona waliposhuhudia viumbe wakirejea. Mto uliotangazwa mwaka 1957 kuwa umekufa ulipata tena samaki aina ya samoni mwaka 1974.

Watakuwapo watakaosema fedha hazipo. Kazi hii haihitaji ndege wala magari ya fahari. Wavu, beseni jeupe, kioo cha kukuzia na chupa za spiriti vyatosha kuanzia. Kule Afrika Kusini hata wanafunzi wa shule huingia mtoni, wakapekua mawe, wakapanga viumbe makundi makundi na kuupa mto alama zake. Kutambua kila aina kwa jina lake ni kazi ya darubini, kwa maana wengine hutofautiana kwa vinywele tu. Lakini wenye ujuzi tunao, katika Makumbusho ya Taifa na katika Chuo Kikuu cha Nairobi pale Chiromo, mahali ambapo mto Nairobi hupita karibu na madarasa.

Kwa hivyo twalitaka Shirika la Wanyamapori lishirikiane na taasisi hizo, waanze na vijito vya Nyandarua na kushuka navyo. Mradi wa mto nao utenge sehemu ndogo ya fedha zake kwa hesabu ya kila mwaka katika mito ya Eastlands, na shule za Dandora, Kariobangi na Kayole zishirikishwe. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Matokeo yabandikwe katika ofisi za machifu kwa Kiswahili, yakionyesha ni sehemu ipi ya mto iliyo na minyoo wekundu peke yao, na ni viwanda gani vilivyo juu yake.