Tusiuze mashini za zamani kwa kilo

Kiangazi kikifika, wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita katika vijiji vya kando ya ziwa, kutoka Kalemie mpaka Mpala na kuendelea upande wa Moba. Wanakuja na boti na mizani. Kwao kilo ni kilo: fremu ya baiskeli, sufuria iliyotoboka, mashini ya kukoboa mpunga, vyote bei moja. Komite zaidi ya moja zimetuuliza swali lile lile: "Mashini yetu ilikufa siku nyingi, piesi haziko, juu ya nini tusiiuze?"

Jibu letu ni hili: musiuze bado. Kwanza mujue imekufa na nini. Mara nyingi ugonjwa wake ni piesi moja au mbili ambazo fundi wa chuma anaweza kuzitengeneza Kalemie, kwa gharama iliyo ndogo sana kuliko mashini mpya. Mukiiuza kwa kilo, hamutairudisha tena.

Tunajua wengine watashangaa. Gazeti hili ni la kilimo, na sisi tuliosoma agronomia tulifundishwa mbegu, udongo na magonjwa ya mimea. Chuma hakikuwa somo letu. Lakini muhogo ukivunwa vizuri na kinu kimesimama, faida ya mbegu bora inaishia wapi? Inaishia mgongoni mwa wamama wanaobeba mabeseni kwenda kusaga kijiji kingine, au mikononi mwa binti anayetwanga badala ya kwenda shule. Tumeongeza mavuno kwa miaka. Sasa tuangalie kile kinachoyasubiri nyumbani.

Chuma si kigeni kwetu

Kuna watu wanaosema kazi ya piesi ni ya Wazungu na Wachina, sisi kazi yetu ni kungoja. Historia ya pande hizi inakataa. Wahunzi wa Watabwa walikuwa wakifua majembe na mashoka, na ng'ambo ya ziwa, Ufipa, watu walijenga tanuru ndefu za udongo na kuyeyusha mawe ya chuma wenyewe. Kalemie nayo ni mji wa reli na bandari. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na mji wa reli na meli haukosi mtu wa kukata na kuchomelea chuma. Ng'ambo, Tanzania ilianzisha SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na mafundi wa Kigoma si wageni kwa wafanyabiashara wetu wa boti.

Ziwa lenyewe lina mwalimu mkubwa wa habari hii. Meli ambayo leo tunaiita Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka ile yote chini ya maji haikuiua. Kwetu mashini inakaa miaka miwili tu chini ya mwembe, bila grisi, bila hata kipande cha sheeting juu yake, kisha tunasema ni uzee.

Mashini ya zamani ina faida yake

Angalia mashini ya kukoboa mpunga ya aina ya Engelberg. Jina lake ni la mtu wa Brazil aliyeibuni katika miaka ya 1880, na mpaka leo umbo lake halijabadilika sana: mtungi wa chuma wenye mbavu unaozunguka, kisu kimoja, na bati lenye matundu chini. Inavunja mchele kuliko mashini za siku hizi, hilo ni kweli. Lakini vitu vinavyolika ni vichache, na viwili kati yake, yaani kisu na bati la matundu, fundi mzuri anaweza kuvitengeneza.

Angalia pia injini za Lister za mwendo wa polepole, zile zilizotoka Dursley, Uingereza, zenye gurudumu kubwa pembeni. Ile ya nguvu farasi 6 inazunguka mara 650 tu kwa dakika, ndiyo sababu inadumu. Mafundi wa Rajkot, India, waliiiga, na piesi zake zikaendelea kutengenezwa hata baada ya kiwanda cha kwanza kuiacha. Kitu rahisi kinaigika, na kinachoigika hakifi haraka. Mashini nyingi mpya tunazoletewa zina mifuniko mizuri na rangi inayong'aa, lakini ndani mna vipande ambavyo fundi wetu hawezi hata kuvifungua bila kuvivunja.

Mbona piesi za kwetu "haziwezi"?

Tumesikia malalamiko: "Tulitengenezesha, haikumaliza mwezi." Tunaamini. Lakini tukifuatilia, kosa mara nyingi linaanza kabla chuma hakijawekwa kwenye mashini ya turu. Koperative inamtuma kijana wa boti na maneno tu: "Uniletee bushi ya kinu." Bushi ya ukubwa gani? Ya aksi ipi? Kijana anarudi na kitu kinachofanana, kinapigwa nyundo mpaka kinaingia, na baada ya wiki mbili mashini inapiga kelele upya.

Kuna mambo manne ambayo komite yoyote inaweza kuyashika bila kuwa fundi.

La kwanza: piesi iliyovunjika ndiyo barua. Usiitupe hata kama imekuwa vipande vitatu. Na usiipeleke peke yake. Peleka pamoja na mwenzake inayogusana naye. Bushi iende na aksi yake. Kama aksi imelika upande mmoja, turneri ainyooshe kwanza, ndipo atengeneze bushi kwa kipimo kipya. Akitengeneza bushi ya kipimo cha kitabu kwa aksi iliyolika, amefanya kazi safi isiyofaa kitu.

La pili: mashini za zamani za Kiingereza zilipimwa kwa inchi, si kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Aksi ya inchi moja na robo ni milimita 31.75. Fundi akiitengenezea bushi ya 32, tayari kuna robo ya milimita ya kucheza, na mchezo huo ndio unaokula chuma. Buloni nazo zina hila hiyo: meno ya Kiingereza ya zamani yana pembe ya digrii 55, ya milimita yana 60. Zinaingia mizunguko miwili, kisha zinakaza. Ukilazimisha kwa nguvu, umeharibu nati na tundu pamoja.

La tatu: kila piesi ina chuma chake. Bushi inatakiwa iwe laini kuliko aksi, kwa maana bushi ndiyo inayotolewa sadaka; aksi ni ghali. Fundi akikosa shaba akaweka chuma kigumu, bushi itabaki nzima na aksi italiwa. Kwa vitu vinavyozunguka polepole kwa mkono, mti mgumu uliochemshwa ndani ya mafuta unafanya kazi vizuri. Nyundo za kinu zinataka chuma cha springi za gari, lakini kukikata tu hakutoshi. Kinachomwa mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike tena, kinazimwa ndani ya mafuta, kisha kinapashwa moto kidogo tena ili kisiwe kama kioo. Ukiruka hatua hii ya mwisho, nyundo itapasuka ndani ya kinu.

Chuma cha kuyeyushwa, kile tunachokiita fonti, nacho kina tabia yake. Ukikitoboa, unga wake unatoka vipande vifupi vifupi. Chuma cha kawaida kinatoa nyuzi ndefu. Fonti haichomelewi kwa vijiti vya kawaida bila kupashwa moto kwanza: inapasuka kando ya mshono, pengine usiku ikipoa. Uliza fundi atafanya namna gani kabla hujamwachia.

La nne: uzito. Nyundo za kinu zinazotazamana lazima ziwe na uzito sawa. Peleka mizani ya dukani ikiwa hakuna nyingine. Kinu cha nyundo kinazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, na gramu chache za tofauti zinatosha kutikisa mashini nzima mpaka beringi, au rulema kama tunavyosema, zife. Watu wanalaumu rulema. Wa kulaumiwa ni nyundo. Na kabla ya kununua nyundo mpya, geuzeni zile za zamani. Nyundo yenye matundu mawili ina pembe nne za kusagia, na tunaona zikitupwa huku pembe moja tu imelika.

Vile ambavyo hatushauri

Hatusemi kila kitu kitengenezwe Kalemie. Rulema zinunuliwe, na pampu ya mazuti pamoja na pua yake vilevile. Kazi yake ni ya kipimo kidogo kuliko unywele. Puli ya fonti iliyopasuka isichomelewe na kurudishwa kwenye mwendo mkali: ikiachia, inaruka kama risasi, na watoto wanapenda kusimama karibu na kinu. Puli mpya nayo ifuate kipenyo cha ile ya zamani. Injini ya S195 inazunguka mara 2,000. Puli yake ikiwa sentimita 18 na ya kinu 12, kinu kinapata 3,000. Fundi akipunguza ya kinu mpaka 9 kwa sababu ndicho chuma alichokuwa nacho, kinu kinapata 4,000, na hakikuundwa kwa hayo.

Tena, hiki ni chakula. Risasi ya betri za zamani isiguse piesi yoyote inayopitisha unga au mchele, hata kama inayeyuka kwa urahisi. Baada ya kufunga nyundo mpya, saga debe la pumba kwanza, kisha pitisha sumaku ndani yake. Sumaku ya redio mbovu inatosha. Ikitoka na unga wa chuma mwingi, chuma hicho hakifai, rudisheni kwa fundi.

Na mashini nyingine zimekufa kweli. Kama mwili wenyewe umepasuka mahali pengi, au aksi kuu imepinda na hakuna wa kuinyoosha, iuzeni. Lakini kwanza vueni kila puli, buloni na rulema nzima. Mashini moja iliyokufa inaweza kulisha mbili zinazoishi.

Pesa itoke wapi?

Hapa ndipo koperative nyingi zinapoanguka. Mashini inaingiza pesa kila siku, pesa inagawanywa kila siku, na siku piesi inapovunjika sanduku ni tupu. Tuseme kinu kinasaga magunia 20 kwa siku. Mukiweka kando falanga 100 kwa kila gunia, kwa siku 25 za kazi munapata falanga 50,000 kwa mwezi, na 600,000 kwa mwaka. Hiyo ni pesa ya fundi, ya boti na ya grisi, bila kumwomba mtu. Iandikwe katika kaye ya mashini, pamoja na tarehe ya kila piesi iliyobadilishwa, kipimo chake na jina la aliyeitengeneza. Kaye hiyo isikae kwa prezidenti peke yake. Ikae mahali ambapo wamama wanaosagisha wanaweza kuiomba na kusomewa.

Na grisi iwe grisi. Mawese ni mazuri kwa sombe. Kwenye aksi yanaganda, yanashika vumbi na unga, na kuwa kama msasa.

Neno kwa wanaotoa misaada, na sisi tuko ndani yake: kupiga picha mbele ya mashini mpya ni rahisi kuliko kulipia bushi tatu na safari ya boti. Ndiyo sababu vijiji vina mashini tatu zilizokufa za wafadhili watatu tofauti, na hakuna hata moja inayosaga. Tunapendekeza kanuni moja: kabla ya kuleta mashini mpya mahali popote, ile iliyopo ipimwe na fundi, na gharama ya kuiponya iandikwe pembeni ya bei ya mpya. Ikiwa mpya bado inashinda, iletwe pamoja na michoro ya piesi zake zinazolika, yenye vipimo, na nakala moja ibaki kwa turneri wa Kalemie. Karatasi kumi zitasaidia kuliko sherehe ya kukata utepe.

Basi mnunuzi wa vyuma akifika na mizani yake, komite ikae kwanza. Fungueni mashini, osheni piesi kwa mazuti, tafuteni ile iliyolika, ifungeni pamoja na mwenzake katika gunia na mwandike jina la koperative. Boti inayopeleka samaki na muhogo Kalemie inaweza kubeba na gunia hilo.