Mungu Si Ofisi ya Safari

Wandugu, leo nitasema neno litakalowaudhi baadhi yenu, pamoja na mapasta ninaowaheshimu. Hapa Nyarugusu tunaomba sana, lakini wengi wetu hatukai na Mungu. Tunamwendea kama tunavyoendea ubao wa majina: ukikuta jina lako halipo, unageuka na kurudi nyumbani na hasira.

Nasema hivyo kwa sababu nami nilikuwa kwenye foleni hiyo, tena mbele. Mwishoni mwa 2024 nilifunga siku tatu kavu, bila chakula wala maji. Mtumishi mmoja akanitabiria kwamba kabla ya Pasaka nitakuwa nimepanda ndege. Nikatoa shukrani: mafuta na maharage ya mgao, ya nyumba nzima. Mama alinyamaza tu. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Pasaka ilinikuta hapa hapa, kwenye foleni ya maji. Mtumishi yule hakuomba msamaha. Aliniambia imani yangu ndiyo ilipungua.

Jamani, andiko tunalolipenda kuliko yote kambini ni Yeremia 29:11. Tunaliandika kwenye fulana, tunaliweka kwenye status. Lakini ni wangapi wamesoma mistari iliyotangulia? Ile ni barua. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa watu waliohamishiwa Babeli kwa nguvu, watu walio mbali na kwao kama sisi. Na kabla ya ahadi ile tamu anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, na wauombee amani mji ule ule wa ugenini. Halafu anawapa hesabu: miaka 70. Rudi sura moja nyuma utamkuta nabii Hanania, aliyewatangazia watu miaka 2 tu. Hata mimi ningempigia Hanania makofi! Lakini Biblia inasema alidanganya, na mwaka huo huo akafa. Sasa tujiulize: mimbari zetu zina akina Hanania wangapi?

Baada ya Pasaka ile niliacha kuomba kabisa, kama miezi miwili. Niliporudi, sikurudi kwa mkesha. Nilianza kukaa nyuma ya nyumba alfajiri, kabla watu hawajaanza kugombania bomba, na Biblia yangu isiyo na jalada. Siku za kwanza nilimlalamikia tu Mungu. Kisha nikaishiwa maneno, nikabaki kimya.

Sitadanganya kwamba nilisikia sauti. Kilichotokea ni kwamba nilianza kuona watu. Nilimwona mama, ambaye sikuwahi kumwomba radhi kwa maharage yale. Nikamwomba. Nilimwona jirani yetu Mrundi, ambaye tulikuwa tunamwita mgeni, kana kwamba sisi Wakongo ndio wenye kambi. Niliona watoto wa mtaa wetu wasiojua kusoma, na mimi nina diploma ya sekondari niliyoitunza kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya nchi nyingine. Sasa tunasoma chini ya mwembe mara tatu kwa wiki. Nyumba ni ile ile ya tope, mgao ni ule ule. Macho ndiyo yamebadilika.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma: mmoja wenu alituambia kwenye semina kwamba maombi yanatufanya wavivu. Maombi ya namna hiyo yapo, nimeyasema hapo juu. Lakini msiyatie yote kwenye gunia moja. Danieli alikuwa mhamishwa huko Babeli. Alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yakielekea Yerusalemu, na maadui zake walipomtafutia kosa kazini, walikosa.

Wala msiyachukue maneno yangu kutuambia tutulie. Kupanda mchicha kambini si kukubali kwamba kijana azeeke humu, asitoke bila kibali. Danieli huyo huyo alipowekewa sheria ya kumkataza kuomba, hakuitii. Nitaendelea kufuatilia kesi yangu. Nitaendelea kuuliza kwa nini mgao unapunguzwa. Tofauti ni kwamba sasa nauliza bila chuki, na jibu likichelewa sivunjiki.

Kijana mwenzangu, mtu akikutajia tarehe ya ndege kwa jina la Bwana, mwulize kwanza: isipotimia, atamrudishia mama yako mafuta? Kisha kesho amka mapema, ukae na Mungu bila kumtajia safari hata kidogo. Jaribu siku saba tu. Halafu uje utuambie hapa umemwona nani.