Kipupwe Katika Nyumba za Ghorofa

Kipupwe kimekwisha kuingia, na wakazi wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kuambiwa hivyo na gazeti. Hapa Mbeya, mji uliojengwa kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, joto la usiku katika miezi ya Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10. Njombe na Makete hali ni kali zaidi, na huko juu Kitulo hutokea asubuhi nyasi zikaonekana zimefunikwa na barafu nyembamba. Kwa hiyo leo hatukusudii kuwahubiria wananchi juu ya baridi wanayoijua. Tunakusudia kusema juu ya jambo wanalolifanya kwa sababu ya baridi hiyo, hasa wale wenzetu wanaokaa katika nyumba za ghorofa.

Jambo lenyewe ni kuliingiza jiko la mkaa chumbani na kulala nalo.

Habari za namna hii hurudi tena na tena katika msimu huu, nazo hufanana mno. Watu wamekula, wamefunga mlango na madirisha, wameziba na upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa, wamelala. Asubuhi kunagongwa, hakuna anayeitika. Mlango ukivunjwa, kila kitu kipo mahali pake, hakuna dalili ya mwizi wala ya moto, nalo jiko limejaa majivu. Msibani husemwa kwamba siku zao zilikuwa zimefika, na wengine hunong'ona juu ya mkono wa mtu. Kifo kina siku yake, hatubishi. Lakini hapana budi kusema wazi kwamba hapa muuaji anajulikana, na kwamba alikaribishwa ndani na wenyewe.

Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haikeri macho. Ikivutwa huingia katika damu na kushikamana na chembe zinazobeba oksijeni, tena kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Mtu basi anaendelea kupumua huku mwili wake unakosa hewa. Huanza kuumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea. Aliye macho huenda akashituka na kutoka nje. Aliyelala hupita kutoka usingizi hadi kupoteza fahamu bila ya kujua kwamba kuna lolote.

Kuna fikira mbili za makosa ambazo tumezisikia hata kwa watu waliosoma. Ya kwanza ni kwamba mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu, moshi ukaisha, hatari nayo imekwisha. Si kweli. Kilichokwisha ni moshi unaoonekana. Makaa mekundu yanaendelea kutoa gesi hiyo muda wote yanapowaka, na kule kutoonekana kwake ndiko kunakomfanya mtu alale kwa amani. Ya pili ni kwamba beseni la maji likiwekwa kando ya jiko huivuta sumu. Beseni hilo halivuti kitu. Nasi tusijifanye wajuzi tangu kuzaliwa: tulipata kufanya kazi katika ofisi moja ambayo jiko lilikaa chini ya meza tangu asubuhi hadi mchana, nasi tukidhani kwamba kuumwa kichwa kila siku kulitokana na wingi wa mafaili.

Watu huuliza, na ni swali la haki, mbona wazee wetu waliota moto ndani ya nyumba miaka yote? Nyumba za wazee zilikuwa za nyasi na udongo. Kati ya ukuta na paa palikuwa na mwanya, na moshi ulijipenyeza katika nyasi ukaenda zake. Hata hivyo uliwadhuru macho na vifua, ila nyumba yenyewe ilikuwa inapumua. Chumba cha ghorofa kina kuta za saruji, dari ya zege, na dirisha la kioo lenye fremu ya aluminiamu linalofungwa likafungika. Tumeihamisha desturi ya kijijini tukaileta mjini, lakini ile nyumba iliyoihimili tumeiacha kule kule.

Linalotutia hofu zaidi ni mazoea ya kumwekea jiko mzazi aliyetoka kujifungua. Kina mama na kina bibi wanaomlea hufanya hivyo kwa mapenzi, maana mtoto mchanga hupoteza joto upesi na baridi ya huku haina mzaha. Lakini mtoto huyo anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo sumu humpata mapema zaidi, wala hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma. Mtoto na akae kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja blanketi, avikwe kofia na soksi. Chumba kikihitaji kupashwa moto, jiko liwashwe nje, maji yachemshwe, yatiwe katika chupa imara iliyofungwa barabara na kuzungushiwa kitambaa, iwekwe kitandani kabla ya mtoto kulazwa, na kuondolewa anapolala.

Hayo ni ya ndani ya mlango. Lakini anayeishi ghorofani hana jambo lililo lake peke yake. Ukipikia mkaa kwenye kibaraza, moshi wako unaingia kwa jirani wa juu. Ukimwaga majivu ya jioni katika ndoo ya plastiki ngazini, ndani ya majivu hayo huenda kuna kaa litakaloishi hadi usiku wa manane. Na magunia! Katika msimu huu ngazi nyingi zimepangwa magunia ya mkaa toka chini hadi juu, kila mwenye nyumba akiwa ameweka lake mlangoni pake, hata mtu mwenye mzigo hupita ubavu ubavu. Siku moto utakapozuka, watu wa ghorofa ya nne watashuka kwa njia gani? Njia ni hiyo hiyo moja, nayo imejazwa kuni.

Wanaotumia umeme nao wana lao. Hita, pasi na birika huchomekwa katika tundu moja kwa kutumia nyaya za kuunganisha, na waya ukipata moto mtu hufurahi kwamba chumba kimepata joto. Kile chuma cha kuchemshia maji ndani ya ndoo huachwa kimewashwa huku mtoto akicheza karibu. Gesi ya mitungi kwa upande wake ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kushuka ngazi kwa majirani wa chini. Lakini walioitengeneza wameitia harufu kusudi ijulikane, na hapo ndipo ilipo tofauti kubwa baina yake na sumu ya mkaa.

Serikali ilitangaza mwaka 2024 mkakati wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini mkakati huo unahusu kupika, na mkazi wa Mbeya anawasha mkaa usiku kwa ajili ya kuota. Atakapopata jiko la gesi bado atasikia baridi. Hapo ndipo tunapowageukia wenye majumba. Mpangaji hazibi dirisha kwa maboksi kwa kupenda. Huliziba kwa kuwa kioo kimevunjika tangu mwaka juzi naye ameshachoka kuuliza. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi 6 kwa mkupuo hashindwi kununua kioo, wala kumwita fundi akague nyaya, wala kuacha tundu la hewa juu ya dirisha ambalo haliwezi kuzibwa. Kwa majengo ambayo watu wamenunua sehemu zao, sheria ya mwaka 2008 imeweka chama cha wenye sehemu kusimamia maeneo ya pamoja, na ngazi ni mojawapo ya maeneo hayo.

Ikitokea jirani hakuonekana asubuhi na mlango wake haufunguliwi, watu wasisimame kushauriana. Mlango ufunguliwe, madirisha yote yaachwe wazi, walio ndani watolewe nje kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali wakapewe oksijeni, hata yule anayesema amepata nafuu. Zimamoto wanapatikana kwa namba 114. Wala asinyweshwe maziwa mtu asiye na fahamu. Sumu hii iko katika damu, haiko tumboni, na maziwa hayo yatamwingia mapafuni.

Tunashauri kila ngazi ya kila jengo ifanye kikao chake, wapangaji pamoja na mwenye nyumba au msimamizi wake, na balozi akiwapo itakuwa bora. Wakubaliane magunia yawekwe wapi, majivu yamwagwe wapi na saa ngapi, nani ana mgonjwa au mzazi ndani, na nani atamgongea nani asubuhi. Kikao hicho hakihitaji zaidi ya nusu saa, nacho kingefaa kifanyike Jumapili hii, kabla Julai haijaingia.