Sauti ya Mwananchi Isipotee Njiani

Miaka michache iliyopita nilihudhuria baraza katika kijiji kimoja kusini mwa Kakamega. Wananchi walikuwa wameitwa watoe maoni kuhusu machimbo ya mawe yaliyokuwa yakipasuliwa kwa baruti karibu na makazi yao. Bibi mmoja mzee aliinuka, akaegemea mkongojo wake, akanena kwa Lwidakho kwa muda wa dakika tano hivi. Alieleza jinsi ukuta wa nyumba yake ulivyopata ufa baada ya mlipuko. Mkalimani akawageukia wageni waliokuwa mezani, akasema kwa Kiingereza sentensi moja tu: mama huyu analalamika kwamba nyumba yake ina ufa. Mgeni mmoja akaandika, kisha akajibu kwamba nyumba za udongo hupasuka zenyewe zinapozeeka. Bibi akaketi, na baraza likaendelea.

Mkalimani hakusema uongo. Lakini kosa lilitendeka, nami kwa kuwa kazi yangu ni isimu, naona ni wajibu wangu kulieleza. Kiswahili kina kiambishi -li-, ambacho hutumika kwa jambo la asubuhi ya leo na kwa jambo la enzi za babu zetu. Lugha nyingi za Kiluhya haziko hivyo. Lwidakho hutofautisha katika kitenzi chenyewe tukio la jana na tukio la zamani. Isitoshe, toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, hubeba sehemu ya maana hiyo, na tahajia ya kawaida haiiandiki. Bibi yule hakutaja siku kwa sababu hakuhitaji kuitaja. Kitenzi chake kilikuwa kimekwisha kusema kwamba ufa ulitokea jana, si zamani. Hapo ndipo ulipokuwa ushahidi wake wote, na hapo ndipo ulipopotea.

Yafaa tujiulize: ni sauti ngapi za namna hii zinazopotea kila mwaka nchini? Si kwamba sheria imezisahau. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 ziliagiza kwamba matangazo ya miradi yasomwe redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji. Ziliagiza pia kwamba katika mikutano ateuliwe mtu mwenye ujuzi wa kupokea na kunakili maoni ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 7, inalitaka taifa likuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaja redio za jamii miongoni mwa njia za mawasiliano baina ya kaunti na wananchi. Kilichopungua ni mazoea ya kuihifadhi sauti yenyewe.

Wako watakaosema kwamba tatizo hili lilitatuliwa zamani na redio za lugha za mama. Ni kweli kwamba hali imebadilika sana. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 mawimbi ya hewani yalikuwa milki ya shirika moja la serikali. Mwaka 2000 Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikikuyu, zikafuata nyingine nyingi, na leo msikilizaji wa Kakamega anayo Mulembe FM. Hata hivyo, redio imetufanya zaidi kuwa wasikilizaji. Mada huchaguliwa studioni. Anayepiga simu hupewa dakika moja, na maneno yake huyeyuka hewani. Tena anayesikiliza Kiluhya cha redio hukuta mseto, ilhali sisi tuna lahaja zaidi ya 15.

Kenya hiyo hiyo iliwahi kuufundisha ulimwengu jambo jipya. Mnamo Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, vijana wetu walianzisha Ushahidi, mtambo uliopokea taarifa za wananchi kwa ujumbe mfupi wa simu na kwa intaneti na kuzionyesha kwenye ramani. Jina lilikuwa la Kiswahili na wazo lilikuwa jema. Lakini ujumbe mfupi humtaka mtu ajue kusoma na kuandika, tena katika lugha yenye tahajia anayoifahamu. Bibi wa machimbo asingeweza kuutumia.

Wahindi waliifikiria shida hiyo. Mwaka 2010, katika jimbo la Chhattisgarh, mwanahabari Shubhranshu Choudhary, aliyewahi kuifanyia kazi BBC, alianzisha CGNet Swara kwa ajili ya jamii za asili za misituni, wakiwamo wasemaji wa Kigondi. Mtu hupiga simu kwa rununu ya kawaida. Mtambo hukata na kumpigia, ili gharama isimwangukie. Husimulia habari yake kwa lugha yake: kisima kimeharibika, mishahara haijalipwa, mwalimu haonekani shuleni. Wahariri huihakiki, kisha wengine huweza kuisikiliza kwa simu hiyo hiyo. Aghalabu msimulizi hutaja nambari ya afisa anayehusika, na wasikilizaji humpigia. Hapo sauti haishii kuwa malalamiko; huwa habari yenye mwenyewe na yenye wa kuulizwa.

Funzo hilo lina maana ya pekee kwetu Waluhya. Katika miaka ya 1940 iliundwa kamati ya kutunga lugha moja ya maandishi kwa jamii zetu zote. Kazi ilifanywa kwa bidii, lakini lugha hiyo haikukubaliwa na wote. Wamaragoli, kwa mfano, walishikilia yao. Tangu hapo tumeambiwa kwamba lugha isiyo na tahajia moja haiwezi kubeba mambo makubwa. Sikubaliani na kauli hiyo. Kalamu ilishindwa kutuunganisha, lakini hakuna aliyeshindwa kusema. Sauti haingoji kamati ya tahajia. Na kama sisi tulio mamilioni tunahitaji njia hiyo, je, Waogiek wa Mau, waliopata hukumu ya Mahakama ya Afrika kule Arusha Mei 26, 2017 kuhusu ardhi yao, na ambao bado wanadai itekelezwe? Je, Waelmolo wa Ziwa Turkana, ambao lugha yao ya asili imekwisha kumezwa na Kisamburu? Jamii inayongoja mpaka lugha yake iandikwe ndipo isikilizwe, huenda ikasikilizwa lugha ikiwa imekwisha kufa.

Hatari zipo, na si haki kuzificha. Kwanza, sauti inaweza kuchochea. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM alishtakiwa mjini Hague. Kesi ilikatizwa Aprili 2016 bila kutiwa hatiani, lakini swali la wajibu wa anayeshika kipaza sauti halikuondoka nayo. Pili, jina linaweza kufichwa ila sauti haifichiki: kijijini mtu hutambuliwa kwa kukohoa tu. Tatu, siku hizi kompyuta huweza kuiga sauti ya mtu. Kwa sababu hizo, lazima pawepo wahariri wanaoijua lugha, wanaokwenda mahali penyewe kuthibitisha, na wanaoweza kumtafutia msemaji mwingine wa kuyasema maneno yale pale ambapo mwenyewe angedhurika.

Napendekeza mambo matatu. Kila baraza la maoni ya wananchi linaswe kwa sauti, na kanda ihifadhiwe pamoja na kumbukumbu zilizoandikwa. Tafsiri isomwe kwa msemaji kabla ya kuingizwa kwenye ripoti, naye aulizwe: ndivyo ulivyosema? Na muhtasari uandikwe kwa Kiswahili, lugha ya taifa, ili aliye Turkana na aliye Vanga waelewe yaliyosemwa Ikolomani. Lugha ya mama itoe ushahidi, Kiswahili kiusafirishe. Sioni ugomvi kati ya hizo mbili.

Kazi hii inaweza kuanzia shuleni. Mwalimu mwenzangu, uwaambie wanafunzi wako waende kwa nyanya zao na simu moja, waombe ruhusa, wanase dakika tano za habari ya kijiji, kisha watafsiri. Wakirudi, uwaulize swali moja tu: amesema jambo hilo lilitokea lini? Atakayesikiliza tena kabla ya kujibu atakuwa amekwisha kumpita yule mkalimani wa barazani.